Barua Isiyo na Jina

Pamba ina harufu. Watu wa mjini hunikatalia, wanasema pamba ni kitu cheupe cha hospitali, kitanuka nini? Waje Bariadi mwezi wa sita. Waingie kwenye nyumba ambayo pamba imelala chumbani wiki tatu ikimsubiri mnunuzi, wavute pumzi. Ni harufu ya vumbi na ya mbegu yenye mafuta mafuta, na kwa mbali unaisikia ile dawa ya wadudu inayokaba koo. Sisi watoto tulilala juu ya lundo hilo na tukajiona wafalme. Siku hizi harufu hiyo ikinipata, hata ikitoka tu kwenye lori lililosimama pembeni mwa mnada, mteja akiniuliza kitu namjibu mengine kabisa.

Ninasema mteja kwa sababu vitabu vyangu nauza mwenyewe. Ninaandika mwenyewe, ninapeleka kwa mchapaji Mwanza mwenyewe, narudi na maboksi kwenye basi nikiwa nimeyakumbatia kama mgonjwa. Mnadani natandaza turubai langu kati ya muuza kamba za ng'ombe na muuza mitumba. Wachapishaji wa Dar es Salaam walinirudishia miswada yangu zamani. Mmoja aliandika kwa adabu kwamba sungura wangu ana majuto kupita kiasi. Nilicheka, halafu nikalia, maana alikuwa amesema kweli.

Watu huniuliza swali moja tu: ulianzaje kuandika? Jibu langu liko tayari siku zote. Nasema mwalimu wa darasa la tano alinisomea insha mbele ya wenzangu, wakanipigia makofi. Ni jibu zuri, linawafurahisha wazazi wanaonunua vitabu. Ni uongo. Ninyi nitawaambia jinsi ilivyokuwa, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, ingawa mkinihukumu katikati sitawalaumu.

Kijiji chetu kilikuwa mbali kidogo na Bariadi, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli, enzi hizo Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Ni miaka ile ruhusa ilipotoka, wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao kushindana na chama cha ushirika. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Sasa kila mtu mwenye lori alikuwa bwana, na kila mtu mwenye kishamba kando ya barabara alianza kutazamwa kwa jicho lingine.

Bibi Milembe alikuwa na kishamba kando ya barabara. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mjane, jirani yetu wa upande wa machweo, mwembamba, macho mekundu kwa moshi. Kwetu miti ni michache, tunapikia mabua ya pamba, na moshi wake hauna huruma na macho ya mzee anayepikia ndani. Mtoto wake mmoja tu aliyekuwa hai, Holo, aliolewa mbali huko Lingeka, Meatu. Bibi hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko walimu wengine. Basi kazi ya barua za Bibi Milembe ilikuwa yangu. Holo akituma barua kupitia wafanyabiashara wa ng'ombe, mimi ndiye niliyemsomea. Bibi akitaka kujibu, alisema kwa Kisukuma, nami nikaandika kwa Kiswahili, nikiongeza na salamu zangu. Aliniita mayu, yaani mama, kama wazee wetu wanavyowaita watoto wa kike wanapowapenda. Alinilipa karanga.

Na ndiye aliyenifundisha kuchuma pamba kwa mikono miwili. Watu wengi huchuma kwa mkono mmoja, wa pili unashika tawi. Yeye mikono yake yote ilikuwa inachuma, kila mmoja ukitafuta kitumba chake, naye macho ameyaelekeza mbele tu. Alianza jogoo la kwanza likiwika. Ndiyo maana alimaliza shamba lake peke yake kabla ya familia yetu ya watu tisa. Hilo nilikuwa nalijua. Naomba mlishike, kwamba nilikuwa nalijua.

Sasa kuna kazi ya kushindilia. Gunia kubwa kuliko mtu linatundikwa kwenye miti minne, mdomo wazi, mtoto anashushwa ndani, wengine wanammwagia pamba juu ya kichwa naye anaikanyaga. Anakanyaga, anapanda kidogo kidogo, mpaka mwisho kichwa kinachomoza juu. Ndani ya gunia huoni kitu isipokuwa duara la mbingu, na hakuna anayekuona. Unasikika tu. Mimi nilipenda gunia kwa sababu nikiwa humo nilikuwa nawapigia hadithi wenzangu, na hakuna aliyeweza kunikodolea macho akaniambia unadanganya.

Siku hiyo binamu zangu walikuwa wamechoka na wana wivu. Mmoja akauliza inakuwaje kibibi kimoja kikamaliza kuchuma kabla yetu. Ningeweza kusema: anachuma kwa mikono miwili. Lakini jibu hilo halikuwa na chumvi. Nikawaambia, kutoka ndani ya gunia, kwamba ana misukule. Nikawaambia nimewaona alfajiri nilipokwenda kuchota maji, watu waliokufa, wamepangwa mstari, wanachuma kimya, nyuso zimeinama. Pamba ikaacha kumwagika kichwani kwangu. Nikajua nimewapata. Wakauliza, ni kina nani? Na hapo, ndugu zangu, nikafanya kitu ambacho kila mwandishi anakifanya, nikatafuta kitu kidogo cha kuwafanya waamini. Nikasema sikuona uso, niliona mkono, na mkono ule ulikuwa na bangili ya shaba.

Mke wa Baba Mdogo Masunga, mdogo wake baba yangu, alikuwa amefariki masika yaliyotangulia akijifungua, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, hospitali ikiwa bado mbali. Alikuwa akivaa bangili ya shaba maisha yake yote. Mimi nilijua tu kwamba aliivaa. Sikujua kwamba alizikwa nayo, kwa sababu watoto hatukuruhusiwa kumwona. Wakubwa walijua.

Kufikia mchana hadithi ilikuwa imefika kwa Baba Mdogo. Hakuja na hasira. Alikuja na uso wa mtu aliyeitwa jina lake na marehemu. Aliniketisha kwenye kigoda mbele ya baba na mama, akaniomba nisimulie polepole. Jamani, nilisimulia. Mara ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Nikaongeza kwamba mkono ulikuwa umevimba. Baba Mdogo alilia, mwanamume mzima, na mimi sikuwa nimewahi kumliza mtu mzima. Mama alinitazama machoni, akaniuliza kama kweli niliona. Mlango ulikuwa wazi pale, nami nikaufunga mwenyewe. Nikasema niliona. Jioni ile alichinjwa kuku, na Baba Mdogo akanikatia firigisi, ambayo kwetu ni ya wanaume. Niliila. Ilikuwa tamu.

Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina zaidi ya miaka thelathini sasa na bado ninaitembea.

Siku mbili baadaye, mchana, Baba Mdogo akaniita nyuma ya zizi akiwa na karatasi na kalamu. Alisoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wake ulijulikana, kwa sababu aliwahi kuwa mshika mizani wa chama. Akasema kuna barua inatakiwa kuandikwa na mtu ambaye hakuna atakayemfikiria. Barua za namna ile zilikuwa zinajulikana. Mzee akikuta karatasi imechomekwa mlangoni, ajue ana siku chache za kuondoka, na asipoondoka watu wa panga watakuja, na hakuna atakayesema aliwajua. Mimi nilikuwa nimesikia habari za vikongwe wawili wa vijiji vya jirani. Nilijua barua ile ni ya nini. Sitawadanganya kwamba sikujua.

Aliniambia niandike hivi: Milembe, tunajua unayoyafanya, tunakupa siku tatu, hama. Nikaandika. Nikaisoma, nikaiona imepooza. Haikuwa na uzito. Mkono wenyewe ukaongeza chini yake: Jua la siku ya nne lisikukute hapa. Baba Mdogo aliisoma huku akisogeza midomo. Akanishika bega akasema, "Wewe una kipaji." Ndugu zangu, wa kwanza kuniambia maneno hayo alikuwa yeye. Siyo mwalimu yeyote. Na ile ilikuwa sentensi yangu ya kwanza nzuri, sijaandika nyingi zilizoipita.

Akaikunja, akaondoka nayo. Hakuuliza jina liandikwe wapi. Barua zile hazina jina.

Kosa lake, na kosa langu, ni kwamba katika kupanga kote kule hakuna aliyekumbuka jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Bibi Milembe akipata barua, anampelekea nani?

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uwanja. Nikamsikia nyuma yangu, "Mwangaluka, mayu." Nikaitikia bila kugeuka. Nilipogeuka nikaiona karatasi mkononi mwake, na uso wake unacheka. Alikuwa amefurahi. Alidhani Holo ameandika. Alikuwa ameleta na karanga zake kwenye pindo la kanga, akaketi chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu kama alivyozoea anapotaka kusikiliza, akanipa barua yangu mwenyewe nimsomee.

Mpaka leo nikiwa naandika, nikikwama, namwona ameketi vile. Hajawahi kunitokea na panga wala damu. Ananitokea na karanga, anasubiri nisome.

Nilifungua. Herufi zikawa zinaelea. Nikafikiri kumsomea ilivyo. Lakini ningemsomeaje ile sentensi ya mwisho, kwa mdomo wangu, akiwa amenyoosha miguu? Tena nilimjua. Angesema haondoki, hapa ndipo alipomzika mume wake na watoto wanne, watu na waje. Angebaki. Na wao wangekuja. Nikafikiri kumwambia kweli yote, gunia na bangili na firigisi. Mdomo ulikataa. Niliogopa kipigo cha baba, ndiyo, lakini niliogopa zaidi uso wake ubadilike anapotazama uso wangu. Afadhali afe? Sikujiuliza hivyo. Mtoto hajiulizi hivyo. Ila ndivyo mizani ilivyokuwa.

Basi nikasoma barua ambayo haikuwepo. Nikasoma: Mama mpendwa, salamu nyingi, mimi ni mgonjwa sana, tumbo linaniuma siku ya kumi leo, siwezi kusimama, watoto hawana wa kuwapikia. Ukiipata barua hii usilale, njoo leo leo. Nikaweka na jina mwishoni, mtoto wako Holo.

Karanga zikamwagika. Bibi Milembe aliinuka akijiegemeza kwa mkono mmoja. Akauliza tumbo la namna gani, nikasema barua haisemi. Akauliza anatapika, nikasema haisemi. Nilimwona anavyozeeka pale uwanjani. Kisha nikamwomba aniachie barua nimtunzie. Niling'ang'ania. Nikasema itapotea njiani, italowa jasho. Akaniambia, "Hii ni sauti ya mwanangu, mayu. Nitalala nayo." Akaifunga kwenye pindo la kanga, mahali palipokuwa na karanga.

Kabla jua halijasimama utosini alikuwa ameondoka, kikapu kichwani, kwa mguu. Hakuaga zaidi ya kwetu. Alimwomba mama amwangalizie kuku.

Siku ya nne tuliona moshi upande wa machweo. Nyumba iliungua ikiwa tupu. Watu walisema mchawi ameota, amekimbia. Bibi hakurudi tena. Msimu uliofuata kishamba kile cha barabarani kilikuwa na banda la bati, na lori la mnunuzi mmoja lilikuwa linasimama pale kupakia, Baba Mdogo akiwa ndiye msimamizi. Sijui hadi leo kama alimwogopa mzee yule kweli au alilitaka shamba. Nadhani vyote. Nimemwona akilia kaburini kwa mkewe, na nimemwona akitundika mizani yake pale bila kukunja uso. Ada yangu ya sekondari, tulipokosa, alilipa yeye. Alisema mtoto mwenye kipaji asiachwe.

Nikasoma, nikamaliza, nikawa karani, nikaanza kuandika. Nilitumia jina la kubuni kwenye majalada. Nikiulizwa, nasema ni mtindo tu wa waandishi. Niliandika wanyama peke yao, kwa sababu nikimweka mtu kwenye hadithi, mara tu ninapotafuta kile kitu kidogo cha kumfanya aaminike, kovu, pete, namna anavyokohoa, mkono unaniganda. Najua kitu kidogo kinaweza kumfanya nini mtu. Wasomaji wanasema sungura wangu ana huzuni. Wangejua sungura ni nani!

Mwaka jana nilipeleka vitabu shule za Meatu, nikafika Lingeka. Sikwenda kwa ajili ya shule. Nilimtafuta Holo. Nilimkuta mwanamke wa makamo, mnene kidogo, anaanika mahindi. Nilipojitambulisha kuwa ni yule mtoto aliyekuwa akimsomea mama yake barua, alinikaribisha ndani, akanipikia wali na kunde. Bibi Milembe alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, kwa uzee, kitandani, wajukuu wakiwa wamemzunguka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Halafu nikafanya tena. Nilikuwa nimekwenda kuungama, mnaniamini? Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Lakini nilipofungua mdomo ikatoka nusu. Nikamwambia jinsi mama yake alivyoniletea barua ya vitisho, jinsi nilivyoogopa, jinsi nilivyomsomea nyingine ili aondoke salama. Nikanyamaza hapo. Nikawa nasubiri shukrani, Mungu anisamehe.

Holo alisema mama yake alifika kwake usiku wa siku ya pili, miguu imevimba, akamkuta anatwanga mahindi, mzima wa afya. Akakaa chini akalia, akatoa barua. Holo akaisoma kimya. Akamweleza ilivyo. Mama yake akasema yule mtoto amemwokoa. Akaanza kumwombea kila asubuhi, mpaka asubuhi ya mwisho.

Kisha Holo akainuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha kuukuu ya plastiki. Akazitandaza mkekani karatasi mbili. Moja ilikuwa mojawapo ya barua nilizomwandikia kwa niaba ya mama yake, zile za salamu. Ya pili ilikuwa ile. Hata kipofu angepapasa akajua ni mkono mmoja.

"Nililijua siku ileile aliyofika," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake.

"Alikuwa amepoteza nyumba, na makaburi ya watoto wake, na watu wote wa kule. Nilitaka afe akiwa amebakiwa na mtu mmoja wa kule."

Nililia kama sijawahi. Hakunibembeleza, na hakunifukuza. Aliniachia nilie mpaka nikamaliza, akaniletea maji ya kunawa. Nilipoweza kusema, nikamuuliza kama anaweza kuniruhusu niandike habari hii. Akazikunja karatasi zake mbili, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye bahasha.

"Wewe ulishaandika," akasema. "Ulichobakiza ni kuweka jina."

Miaka yote nilijiambia kwamba barua ile ya uongo ilifuta ile ya kweli, kwamba mizani imekaa sawa, nimeua na nimeokoa, tumalizane. Mtoto yule hakujua, na mimi sikutaka kujua, kwamba kuna mama na mwana walizibeba zote mbili badala yangu, mmoja kwa kutojua na mwingine kwa kunyamaza. Mtoto yule alidhani barua isiyo na jina haina mwenyewe.

Jina langu ni Limi. Baba Mdogo alisema maneno, lakini barua niliiandika mimi, na sentensi ya mwisho ni yangu.